Kumfufua Adui: Azog katika Riwaya ya The Hobbit na katika Filamu Zake

1.0 Utangulizi

Ugeuzaji wa riwaya kuwa filamu umezoeleka kujadiliwa kwa kigezo cha uaminifu. Mhakiki huiweka riwaya upande mmoja na filamu upande wa pili, akahesabu yaliyoachwa, yaliyoongezwa na yaliyobadilishwa, kisha akatoa hukumu. Udhaifu wa mkabala huu umekwisha kuonyeshwa na wananadharia kadhaa, miongoni mwao Linda Hutcheon katika A Theory of Adaptation (2006), ambaye anashikilia kwamba kazi iliyogeuzwa ni kazi kamili, yenye haki ya kusomwa kwa masharti yake yenyewe. Hata hivyo, kuukataa uaminifu kama kigezo cha hukumu hakuna maana ya kukataa kulinganisha. Badiliko laweza kuwa halali kisanaa na bado likawa na gharama yake. Ni wajibu wa mhakiki kuieleza gharama hiyo.

Makala haya yanachunguza badiliko la aina moja: pale ambapo mhusika mwovu aliye mdogo kabisa katika matini ya awali anakuzwa hadi akawa hasimu mkuu wa kazi mpya. Mfano unaochambuliwa ni Azog, mhusika ambaye katika riwaya ya The Hobbit ya J. R. R. Tolkien (1937) ni jina tu la marehemu, lakini ambaye katika filamu tatu zilizoelekezwa na Peter Jackson (2012, 2013 na 2014) ndiye adui anayeisukuma safari nzima. Hoja inayojengwa ni kwamba ukuzaji huu haukuwezekana bila kukitengua kifo cha Azog, na kwamba katika kukitengua kifo hicho filamu zilibadilisha mambo mawili yaliyo katika kiini cha masimulizi ya Tolkien: maana ya kisasi, na mahali uovu unapokaa.

2.0 Azog katika Maandishi ya Tolkien

The Hobbit ilichapishwa London na kampuni ya George Allen & Unwin. Katika sura zake 19 inasimulia safari ya Bilbo Baggins, hobiti, yaani kiumbe mfupi apendaye utulivu na mlo mwema. Bilbo anashawishiwa na mzee Gandalf kufuatana na vijeba 13, wakiongozwa na Thorin, kwenda kuikomboa hazina ya ukoo wa Thorin iliyotekwa na joka Smaug katika mlima ujulikanao pia kwa jina la Erebor.

Katika masimulizi hayo yote Azog hatendi lolote. Yeye alikuwa mkuu wa Maorki, jamii ya viumbe wakatili waishio mapangoni. Katika sura ya kwanza Gandalf anamtaja kwa jina, anapomkumbusha Thorin aliyemuua babu yake Thror katika machimbo ya Moria. Katika sura ya 17, jeshi la Maorki linapokaribia, Gandalf anamwarifu Dain, binamu yake Thorin, kwamba anayekuja ni Bolg, ambaye babake aliuawa na Dain huyo huyo huko Moria. Tukivitumia vigezo vya Vladimir Propp vya mwaka 1928, vinavyowaainisha wahusika wa ngano kwa matendo yao katika msuko, Azog hana nafasi hata moja. Uovu wake ulitendeka na kulipizwa kabla ya hadithi kuanza.

Mtu wa kwanza kumkuza Azog, hata hivyo, hakuwa mtengenezaji wa filamu. Alikuwa Tolkien mwenyewe. Katika Kiambatisho A cha The Lord of the Rings, kilichochapishwa mwishoni mwa juzuu ya tatu mwaka 1955, Tolkien alirudi kwenye jina hilo na kulipa historia. Thror, akiwa mzee na fukara, anaingia Moria peke yake. Azog anamkata kichwa, anapiga chapa ya jina lake kwenye paji la uso wa maiti, kisha anamtupia Nar, mwandani wa Thror, mfuko wa sarafu za thamani ndogo kama ujira wa mwombaji aliyebeba habari. Kitendo hicho kinazua vita vya miaka sita baina ya vijeba na Maorki. Vita hivyo vinafikia kikomo katika bonde la Azanulbizar, mbele ya lango la Moria. Huko Azog anamvunja shingo Nain, naye Dain, mwana wa Nain, ambaye kwa hesabu ya vijeba alikuwa angali kijana mdogo, anamwandama muuaji hadi langoni na kumkata kichwa. Kichwa cha Azog kinatundikwa juu ya mti, na mfuko ule wa sarafu unasokomezwa kinywani mwake.

Yanayofuata ndiyo yenye uzito. Thrain, babake Thorin, anataka kuingia Moria na kuimiliki, lakini wenzake wanakataa. Dain, ambaye amechungulia ndani ya lango, anamwambia kwamba hofu kubwa zaidi ingali inangoja gizani. Wafu wa vijeba ni wengi kiasi kwamba hawawezi kuzikwa katika makaburi ya mawe kama desturi inavyotaka, hivyo wanachomwa moto. Walio hai wanatawanyika, na ukoo wa Thorin unarejea katika maisha ya uhamishoni. Kisasi kimetimia, muuaji amelipwa kwa sarafu zake mwenyewe, na bado hakuna aliyepata chochote. Kwa mujibu wa tarehe za Tolkien mwenyewe, vita hivyo vilipiganwa mwaka 2799 wa enzi ile, na safari ya Bilbo ikafanyika mwaka 2941. Miaka 142 inatenganisha kifo cha Azog na hadithi ambayo filamu zilikuja kumfanya hasimu wake.

3.0 Azog katika Filamu

Waandishi wa filamu hizo, yaani Fran Walsh, Philippa Boyens, Peter Jackson na Guillermo del Toro, waliichukua historia hiyo na kuigeuza katika nukta moja. Katika filamu ya kwanza, An Unexpected Journey, vita vya Azanulbizar vinasimuliwa kwa mbinu rejeshi na Balin, mmoja wa vijeba, usiku wakiwa kambini. Thror anauawa na Azog katikati ya vita vyenyewe. Nain hayumo na Dain hamuui mtu. Anayemkabili Azog ni Thorin, aliyejikinga kwa tawi la mwaloni, naye anamkata mkono. Azog anaburutwa na wenzake hadi ndani ya Moria, na Thorin anaamini kuwa alikufa kwa jeraha hilo.

Hakufa. Azog wa filamu, anayeigizwa na Manu Bennett kwa msaada wa picha za kompyuta, ni jitu jeupe lenye makovu, lililopandikizwa chuma mahali pa mkono uliokatwa, nalo limeapa kuufuta ukoo mzima wa Thorin. Kuanzia hapo yeye ndiye mwindaji na msafara ndio mawindo. Mwishoni mwa filamu ya kwanza anawafikia vijeba waliokwea misonobari. Katika filamu ya pili, The Desolation of Smaug, anaitwa na bwana wake kuongoza majeshi, na uwindaji unakabidhiwa mwanawe Bolg. Katika filamu ya tatu, The Battle of the Five Armies, anaiamuru vita kutoka juu ya kilima, anamuua Fili mbele ya macho ya Thorin mjomba wake, kisha yeye na Thorin wanauana juu ya mto ulioganda barafu.

Kwa lugha ya Propp, mhusika asiyekuwa na kazi hata moja amepewa karibu kazi zote za mwovu: kudhuru, kuandama, na kupambana na shujaa ana kwa ana. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kukuzwa kwa nafasi ya mhusika si sawa na kukuzwa kwa undani wake. Kwa istilahi za E. M. Forster, Azog anabaki mhusika bapa tangu mwanzo hadi mwisho. Anataka jambo moja tu, na hakuna tukio linalomfanya alitake kwa namna nyingine. Alichoongezewa ni muda na mwili.

4.0 Sababu za Kimuundo

Ingekuwa rahisi kulieleza badiliko hili kwa tamaa ya fedha, hasa kwa kuwa mpango wa awali ulikuwa wa filamu mbili, na uamuzi wa kutoa tatu ulitangazwa mwaka 2012. Maelezo hayo hayatoshelezi. Riwaya yenyewe inamletea mtengenezaji wa filamu tatizo la kweli, nalo ni tatizo la msuko.

The Hobbit imejengwa kwa matukio yanayofuatana kama shanga uzini: majitu, Maorki wa mlimani, Gollum, mbwa-mwitu, buibui, magereza ya Mfalme wa Maelfi. Kila adui anatokea, anashindwa au anakwepwa, kisha hatokei tena. Adui mkuu, Smaug, yuko mwisho wa safari na hamwandami mtu. Ajabu zaidi, Smaug anauawa katika sura ya 14, wala haangushwi na Bilbo au na Thorin. Anaangushwa na Bard, mkazi wa mji wa ziwani ambaye msomaji ndiyo kwanza anamjua. Baada ya kifo cha joka zinabaki sura tano. Katika sehemu kubwa ya sura hizo kiti cha hasimu hakina mtu. Waliobaki ni Thorin, Bard na Mfalme wa Maelfi, ambao kila mmoja ana hoja yenye haki ndani yake, na ambao wanakaribia kuuana kwa ajili ya dhahabu ya mnyama aliyekwisha kufa.

Filamu inayotaka taharuki ya kudumu haiwezi kukivumilia kiti kitupu kwa urahisi. Filamu ya kwanza inakomea karibu na mwisho wa sura ya sita ya riwaya, mbali kabisa na joka, na bado inahitaji kilele. Filamu ya tatu inamuua joka katika dakika zake za mwanzo, na bado inahitaji kumaliza kwa pambano. Azog anazijaza nafasi zote mbili. Kwa mtazamo huu yeye ni jibu la kiufundi kwa swali la kiufundi. Linalobaki kujadiliwa ni kama kiti hicho katika riwaya kilikuwa wazi kwa bahati mbaya.

5.0 Mahali pa Uovu

Ushahidi wa matini unaonyesha kwamba kiti hicho kiliachwa wazi kwa makusudi. Joka linapokufa, kilichokuwa tabia ya joka kinahamia kwa wengine. Tolkien anakiita kwa jina linalokifanya kuwa maradhi yatokanayo na dhahabu iliyolaliwa na joka kwa muda mrefu. Thorin anapatwa na maradhi hayo. Anakataa kumgawia Bard fidia ya mji ulioteketezwa, anajifungia mlimani na kungoja vita. Mkuu wa mji wa ziwani anapatwa nayo pia: anatoroka na dhahabu aliyopewa kwa ajili ya watu wake na kufa kwa njaa nyikani. Uovu ambao msomaji aliuzoea katika umbo la mnyama wa kutisha sasa unaonekana katika uso wa rafiki.

Hii ndiyo sababu vita vya mwisho katika riwaya vinasimuliwa kwa namna inayoweza kumshangaza msomaji wa hadithi za mashujaa. Thorin anatoka mlimani na kuwashambulia walinzi wa Bolg, lakini safu zao hazipenyi, na kamwe hamfikii mkuu wa adui. Kabla vita havijaisha Bilbo anapigwa jiwe kichwani na kuzirai. Namna Thorin alivyoanguka kwa kuchomwa mikuki, namna Fili na Kili walivyokufa wakimkinga, na namna Beorn alivyomuua Bolg, yote hayo msomaji anayapata kama habari iliyosimuliwa baadaye, katika sura ya 18. Msimulizi ameliondoa jicho la msomaji vitani kwa makusudi, ili alielekeze kitandani pa Thorin, ambapo mfalme anayekaribia kukata roho anamwomba Bilbo msamaha na kukiri kwamba dunia ingekuwa njema zaidi kama wengi wangethamini chakula, furaha na nyimbo kuliko dhahabu iliyolimbikizwa. Kilele cha riwaya ni toba.

Ni haki kukiri kwamba filamu hazikuipuuza dhamira hii. Katika filamu ya tatu Richard Armitage anamwigiza Thorin aliyepotelewa na nafsi yake kwa uzito mkubwa, na onyesho ambamo anaiona sakafu ya dhahabu ikimmeza ni miongoni mwa maonyesho yaliyofikiriwa vyema katika filamu zote tatu. Lakini maradhi hayo yanapona papo hapo, kabla ya pambano. Thorin anaitupa taji, anatoka nje akiwa mzima wa akili, na kuanzia hapo tatizo lake ni Azog peke yake. Maneno ya toba yanasemwa bado, ila yanasemwa na mtu aliyekwisha kushinda vita viwili, kimoja cha ndani na kimoja cha nje. Katika riwaya Thorin anakufa kwa sababu ya vita ambavyo ukaidi wake ulichangia kuvifanya viwe vya maafa kiasi kile. Katika filamu anakufa kwa sababu kuna aliyeapa kumuua tangu zamani, na ambaye angemwandama hata kama asingeigusa sarafu moja ya hazina ile. Uhusiano wa sababu na matokeo kati ya kosa na kifo umelegezwa, na aliyeulegeza ni Azog.

Kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili, tofauti hii inaweza kueleweka vyema kwa kukumbuka kisa cha Fumo Liyongo kama kilivyotungwa na Muhamadi Kijumwa. Mfalme wa Pate ndiye anayetaka Liyongo afe, lakini mkono unaomuua ni wa mwanawe wa kumzaa, aliyelaghaiwa kwa ahadi za makuu. Uchungu wa utenzi huo umo katika tamaa iliyoingia nyumbani. Mtunzi wa tamthilia au filamu ambaye angemtafutia Liyongo shujaa wa adui wa kupigana naye hadi kufa angepata pambano kubwa zaidi jukwaani, na hadhira ingetoka ikiwa na mtu wa kumchukia. Msiba wenyewe ungekuwa umepungua.

6.0 Kisasi Kilichotimia na Kisasi Kilichoahirishwa

Badiliko la pili linahusu kisasi. Katika Kiambatisho A kisasi dhidi ya Azog kinatimia kikamilifu, hata kwa usawa wa kishairi, na Tolkien anatumia kurasa zinazofuata kuonyesha utupu wake. Hilo ndilo funzo ambalo Dain, muuaji wa Azog, analichukua kutoka langoni pa Moria. Yeye aliyekuwa na haki kubwa zaidi ya kujivuna ndiye anayewashauri wakubwa wake wasiingie. Si sadfa kwamba mwishoni mwa The Hobbit ni Dain huyu anayerithi ufalme wa Erebor na kuigawa hazina kwa uadilifu.

Filamu zinakiahirisha kisasi hicho ili kiendelee kuwasukuma wahusika. Matokeo yake yanawagusa wahusika wengine wawili. Wa kwanza ni Dain, ambaye amenyang'anywa tendo lake kuu. Katika filamu ya tatu anawasili akiwa amepanda nguruwe, mwenye matusi ya kuchekesha na ari ya kupigana, lakini hana historia inayomstahilisha kuwa mfalme. Wa pili ni Bolg, na hapa ndipo hasara ilipo kubwa zaidi. Bolg wa Tolkien ana sababu: Dain alimuua babake. Gandalf anapotangaza kuja kwake anaitaja sababu hiyo waziwazi. Kisasi cha vijeba, kilichoonekana kufungwa miaka 142 iliyopita, kimezaa kisasi cha Maorki, na mwana sasa anadai damu ya baba. Katika sentensi moja ya tangazo, riwaya inawapa maadui hisia ile ile ambayo vijeba wanajivunia.

Azog akiwa hai, Bolg hana wa kumlilia. Anakuwa mwana mtiifu anayetekeleza amri za baba, naye anauawa na Legolas, mhusika ambaye hayumo kabisa katika riwaya. Ukoo wa Thorin unabaki na haki yote ya huzuni, na Maorki wanabaki na ukatili mtupu. Yamkini hili ndilo jambo ambalo waandishi wa filamu hawakulipima vya kutosha. Walihitaji adui mwenye kisasi cha binafsi, anayeweza kuandama msafara tangu sura za mwanzo na kuongoza jeshi mwishoni. Riwaya ilikuwa nao adui wa namna hiyo. Kumkuza Bolg kungewapa mwandamaji, kungewaachia Dain tendo lake, na kungeuacha mduara wa kisasi uonekane kama mduara, bila kumfufua mtu.

7.0 Hasimu Asiyesema na Ujasiri wa Bilbo

Athari ya tatu inamhusu mhusika mkuu mwenyewe. Maadui wakubwa wa The Hobbit ni wasemaji, na mara nyingi wanashindwa kwa maneno. Majitu yanagombanishwa na sauti ya Gandalf hadi kunapambazuka na kugeuka mawe. Gollum anapambana na Bilbo kwa vitendawili, na dau ni uhai. Buibui wanapumbazwa kwa nyimbo za kejeli. Smaug anapigwa soga kwa majina ya mafumbo hadi anajigamba na kulionyesha tumbo lake, na ndipo pengo katika ngozi yake linapoonekana. Bilbo hana nguvu za mwili. Ana ulimi na akili, kama Sungura wa ngano, na riwaya imempangia maadui ambao silaha hizo zinawafaa.

Azog hana nafasi katika mpangilio huo. Katika filamu anasema lugha ya Maorki inayofasiriwa kwa maandishi chini ya picha, na maneno yake ni amri, viapo na dhihaka kwa Thorin. Kati yake na Bilbo hakuna mazungumzo. Kwa hiyo mbele ya hasimu huyu Bilbo analazimika kuwa shujaa wa aina nyingine. Tukio la misonobari linaonyesha jambo hili bayana. Katika sura ya sita ya riwaya, Bilbo anaokolewa na tai akiwa amening'inia miguuni mwa kijeba Dori, akiogopa na kulalamika. Katika filamu anaruka kutoka mtini akiwa na upanga, anamuua Orki aliyetaka kumkata Thorin kichwa, na kusimama baina ya Thorin na maadui. Thorin anamkumbatia na kumkubali.

Onyesho hilo linasisimua, na Martin Freeman analiigiza kwa hofu ya kuaminika. Lakini linalipa mapema deni ambalo riwaya inalilipa polepole. Katika sura ya 12 msimulizi anatangaza kwamba jambo la kishujaa kuliko yote aliyowahi kutenda Bilbo lilikuwa kusonga mbele peke yake katika njia ya chini ya mlima, baada ya kusita, kabla hajamwona joka. Hapakuwa na shahidi wala adui aliyeonekana. Katika sura ya 16 anavuka usiku na kuwakabidhi wapinzani wa Thorin johari ya Arkenstone, akijua kwamba rafiki yake anaweza kumuua kwa sababu hiyo, kisha anarudi kwa rafiki huyo huyo. Filamu imelihifadhi tendo hili la pili. Hata hivyo, kwa hadhira iliyokwisha kumwona Bilbo akisimama mbele ya Azog kwa upanga, ujasiri wa kutoa johari unaonekana kama nyongeza, ilhali katika riwaya ndio ujasiri wenyewe.

8.0 Utetezi Unaowezekana

Yapo mambo ya kusemwa kwa upande wa filamu, na hayafai kufunikwa. Kwanza, kuja kwa Maorki katika sura ya 17 ya riwaya ni kwa ghafla mno. Pande zinazokaribia kuuana zinaunganishwa na adui anayeshuka kama mvua, na msomaji makini anaweza kulalamika kwamba mtunzi amejiokoa kutoka katika fumbo alilolijenga mwenyewe. Filamu zinaiandaa vita hiyo tangu mwanzo, na kwa hilo msuko wao una mshikamano zaidi.

Pili, filamu hizi zilitengenezwa baada ya filamu za The Lord of the Rings (2001 hadi 2003), na hadhira yake ilikuwa imezoea vita vya majeshi na tishio la dunia nzima. Azog, akiwa jemadari wa bwana yule yule wa giza, anaziunganisha safari mbili kuwa historia moja. Tolkien mwenyewe, katika viambatisho vya mwaka 1955, alikuwa ameanza kazi ya kuunganisha.

Hoja hizi zinaeleza kwa nini hasimu mmoja wa kudumu alihitajika. Hazielezi kwa nini hasimu huyo alihitaji kuwa Azog aliye hai. Mshikamano wa msuko ungeweza kupatikana kwa Bolg, na uhusiano na bwana wa giza vivyo hivyo. Kilichopatikana kwa Azog peke yake ni kwamba Thorin anakutana uso kwa uso na muuaji wa babu yake na kumlipa kwa mkono wake mwenyewe. Yaani kilichopatikana ni uradhi ule ambao Kiambatisho A kiliandikwa kuutilia shaka.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamemfuatilia Azog kutoka jina lililotajwa katika sura ya kwanza ya riwaya ya mwaka 1937, hadi historia fupi ya mwaka 1955, hadi hasimu mkuu wa filamu za 2012 hadi 2014. Imedhihirika kwamba ukuzaji wa kwanza, wa Tolkien, uliheshimu kifo cha mhusika na kukitumia kuuliza kisasi kina faida gani. Ukuzaji wa pili ulikitengua kifo hicho. Kwa kufanya hivyo, filamu zilipata mshikamano, taharuki na pambano la mwisho. Kwa upande mwingine zilimpunguza Dain, zilimwondolea Bolg sababu yake, zilimsukuma Bilbo kuelekea upanga, na zilimpa Thorin kifo kisichotokana na kosa lake.

Katika kuhakiki kazi zilizogeuzwa, swali la kama mhusika mdogo anaruhusiwa kukuzwa halina faida kubwa. Wahusika hukuzwa, na watunzi wa awali wenyewe huwakuza. Lenye faida ni swali la nafasi: mhusika huyo alipopewa kiti cha hasimu, je, kiti kilikuwa wazi kwa sababu mtunzi alisahau kukijaza, au kwa sababu alitaka wahusika wema wakitazame na kujiona wenyewe wamekikalia? Katika The Hobbit jibu limo katika sura tano zinazofuata kifo cha joka, na ni sura hizo ambazo Azog wa filamu amezifanya zisomeke kwa shida zaidi.